Maji ya Bati, Newala

Zima taa, Somoe. Funga na dirisha.
Humu chupani mna bakteria
tuliowafunza neno moja tu: sumu.
Wakilionja, wanawaka.

Maji ni ya kisima chenu cha uani,
mvua ya kwanza iliyoosha bati,
bati lililokaa kiangazi kizima
jirani na mikorosho ya baba yako
na bomba lake la kupulizia,
kitambaa puani,
akisema dawa ni dawa.

Tunangoja.
Giza linanuka mabibo mikononi mwako.
"Labda wamelala," unasema.

Kisha, kijani.
Hafifu, kama kimulimuli ndani ya ngumi ya mtoto.
"Kumbe wazuri," unanong'ona.

Nimeshika kalamu, siandiki.
Nje ndoo yenu imejaa,
na mdogo wako ameshainamisha kata.