Nageuza Uso

Kadi yangu ya kazini inasema: Nyanzala Kasanda,
Mtaalamu wa Kuwapokea Wateja Wapya.
Mama huishia neno la kwanza, anacheka:
"Mtaalamu! Na ugali wako bado una madonge."

Kazi yenyewe ni hii.
Nakusimamisha ukutani, nakupiga picha,
naomba namba ya NIDA, naomba kidole,
kisha nakukabidhi simu na kusema:
chagua tarakimu nne, ziwe siri yako,
usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie.
Halafu nageuza uso.

Miaka tisa nageuza uso.
Nikizijumlisha sekunde zile
labda zinafika siku mbili tatu za maisha yangu,
na humo nimeona bati la Isevya likivuja
tone kwa tone ndani ya ndoo ya bluu,
jogoo aliyefungwa mguu akisubiri treni ya Mpanda,
mwanafunzi wa Cheyo akifuta kiatu kwa soksi.
Tabora naijua kwa pembeni.

Kule Sikonge, msimu wa kuchuma tumbaku,
mashine ilivikataa vidole vya Mihambo.
Utomvu wa majani ulikuwa umeziba mistari yote.
Gumba, imekataa. Cha shahada, imekataa.
"Kwa hiyo mimi siyo mimi?" akauliza,
na watu kwenye foleni wakaacha kucheka.
Tukamwosha kwa limau na majivu.
Kikakubali kidole kidogo cha kushoto.
"Hicho," alisema, "nyumbani hakina kazi yoyote."

Jumatatu makao makuu hunipigia, nyuso kumi kwenye kioo,
Dar es Salaam yao ina kiyoyozi hata kwenye sauti.
Kuna mchoro wenye ngazi za rangi.
"Wateja wako wanakwama hatua ya tatu," anasema Deusi. "Kwa nini?"
Nikasema: mtandao.

Haikuwa mtandao.
Hatua ya tatu inauliza jina la mrithi.

Bi Kalunde wa Urambo aliishika simu
mpaka chai yake ikaota utando.
Watoto watatu. Mmoja yuko Katavi, haandiki wala hapigi,
wa pili waligombana kwa ajili ya mizinga ya nyuki,
wa tatu hakumtaja, nami sikuuliza.
"Andika wewe jina lako. Leo umenisikiliza."
Hairuhusiwi, mama.
Mwisho akataja binti wa jirani.
Uhusiano? Orodha ina mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu.
Haina *anayenichotea maji*.
Nikabonyeza *ndugu*.
Hapo pia niligeuza uso, ila wangu mwenyewe.

Sasa wanasema mwakani kila mtu atajisajili peke yake,
sebuleni kwake, dakika nne, bila mtu mbele yake.
Nami nimeitwa Dar, mshahara mara mbili,
nikakae na ule mchoro, niupunguze uwekundu.
Barua iko kwenye mkoba. Bado sijajibu.
Nikiuweka mkoba chini nausikia mzito,
ingawa ni karatasi moja tu.

Jumapili nilimsajili Mama. Alikuwa amekataa miaka yote,
pesa zake zikikaa kwenye kopo la maziwa ya unga.
Picha: alivua kilemba, akakivaa tena.
Mrithi: alinitaja bila kufikiri, kwa sauti ya kuita kuku.
Nikampa simu, nikageuka.

"Unaangalia wapi?"
Utaratibu, Mama.
"Nimekuogesha mpaka ukaingia darasa la tatu,
leo nikufiche namba nne?"

Nikabaki nimegeuka.
Ukutani kuna msumari, chini yake duara la weusi
pale kofia ya baba ilipokaa miaka ishirini.
Sikuwahi kuliona lile duara.
Nyuma yangu kitufe kikalia, kikalia,
kikalia,
kimya.

"Mtaalamu," akasema,
"ya nne imenitoka."

Chagua nyingine, Mama. Sina haraka.