Umri wa Mnazi

Kigombe, Jumanne, saa nne asubuhi.
Barabara itapita uani kwetu.
Mthamini Mgaya kaja na fomu na kalamu ya kijani:
mikorosho mitatu, mchungwa mmoja, choo cha shimo.
Akafika kwenye mnazi uliolala
(Shembilu kaukata jana, msumeno bado una unga),
akachuchumaa, akapuliza,
akatafuta pete za kuhesabu.

Hakuna pete.
Kuna vitone tu, maelfu,
kama ufuta uliomwagika mkekani
na mwenyewe kakata tamaa ya kuuokota.
Pembeni vimebanana, vyeusi, vigumu,
pale ndipo msumeno ulipolia.
Katikati vimetawanyika, kulaini kama mkate uliolowa.
"Umri wake?"

Mkorosho ule, Bwana Mgaya, kila mwaka
hujivika mwili mpya juu ya wa zamani.
Waya wa kuanikia aliofunga mama
umekwisha kumezwa, umebaki mkia.
Mnazi haumezi kitu.
Ulikaa chini miaka, ukinenepa bila kupanda,
tukadhani umedumaa,
kumbe unatafuta kiuno chake.
Ulipokipata ukaenda juu na kiuno hichohicho,
na kila kitone unachokiona
ni mirija ileile ya siku ile:
mmoja unapandisha maji ya chumvichumvi ya kwetu,
mwenzake unateremsha sukari ya makuti,
bila fundi, bila kipuri.

Ndiyo maana vidato havikuziba.
Lete futi yako hapa.
Kidato hadi kidato, shubiri mbili kasoro.
Wakwezi wa Kigombe hawana hatua fupi hivi.
Ni vya bibi, Mwanamkasi binti Shee,
mfupi kama kinu,
aliyekwea usiku, kanga kaipiga kibwebwe,
maana mchana wangemwambia mwanamke hakwei.
Panga lilikata, mti ukanyamaza,
jeraha likakauka wazi, palepale.

Nimevua kandambili.
Nimeweka unyayo kwenye kidato cha tatu.
Umeenea.

Mthamini kaandika *haujulikani*,
kisha kalikata neno lake kwa mstari.
Sasa kasimama kwenye shina, midomo inamchezacheza,
anahesabu vidato kimyakimya,
na Shembilu, mafuta ya msumeno mkononi,
ananiuliza mara ya pili
kama apasue mbao au asubiri.