Vituo Kumi

Husemwa Kigoma ni mwisho wa reli.
Mimi nakata tiketi pale dirishani, nawajibu:
reli haiishi, inazama tu majini,
na kila alfajiri, kabla ya zamu,
naifuata.

Katonga. Ziwa bado lina rangi ya chuma.
Wavuvi wa dagaa wanarudi, taa zimezimwa.
"Mama Tiketi, leo unafika Kongo?"
Sijibu. Natazama dumu langu la njano
linaloelea mita mia kutoka mwambani;
nililipima kwa kamba, fundo kwa fundo.
Kwenda na kurudi: kituo kimoja.

Nyamwiza, binti wa jirani, darasa la sita,
anakaa mwambani na kokoto kumi mapajani.
Nikigusa jiwe, anaangusha moja majini.
Analipwa maandazi mawili, na kazini hacheki.

Miezi minne iliyopita nilikuwa naishia Luiche.
Natoka nikikohoa, ziwa limejaa puani,
moyo unagonga kama behewa bovu.
Nilidhani ni mapafu. Kumbe ni haraka:
nilipiga maji kama mtu anayedai deni.
Ziwa halidaiwi.

Nikajifunza kupumua upya, na miaka yangu arobaini na moja:
toa pumzi chini, polepole, mpaka povu liishe,
geuka upande, jicho moja nje, vuta.
Mkono, mkono, mkono, hewa.
Nikafika Kazuramimba. Wiki ya Pasaka, Uvinza,
na naapa niliisikia chumvi ya Uvinza ulimini,
nikacheka, nikanywa ziwa.

Kuanzia Malagarasi mwili hauna neno tena.
Ni kichwa. Kichwa ni behewa la daraja la tatu,
kila aliyepanda kapanda na mzigo wake:
ada ya muhula, kaka na kesi ya michikichi,
na yule abiria wa Januari,
msiba Tabora, treni haijulikani ilipo,
nami nikamwambia "subiri"
bila kuinua macho.
Nilijaribu kuwashusha. Wakarudi kupitia madirishani.
Sasa nawaacha wakae.
Mkono, mkono, mkono, hewa.

Jumamosi shabaha ilikuwa Urambo.
Baada ya Usinge nikafanya kosa, nikatazama chini
penye dumu, pale kamba inaposhuka
ikapotea: hakuna mchanga, hakuna samaki wa milia,
buluu tu, na chini ya buluu, buluu isiyo na habari nami.
Paja likakaza. Nikataka kupiga kelele.
Nikalala chali.
Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imeshapata jua,
sisi bado.
Nikamwacha yule wa Januari aseme yote.
Alisema. Si maneno mengi.
Kisha nikageuka.

Hesabu ilikuwa imeniponyoka, nikamtegemea mtoto.
Mwamba. Dumu. Mwamba.
"Bado," alisema Nyamwiza.
Dumu. Mwamba.
"Bado."

Nilipotoka, miguu haikuitambua nchi kavu.
"Urambo?" nikauliza.
Akanifunulia viganja, vitupu vyote viwili.
"Tabora. Urambo ulipita hujachoka,
nikaona nisikusumbue."

Mashindano yenyewe yanataka mita elfu moja na mia tisa,
yaani uishie nje ya Tabora, pale penye ishara.
Halafu kilomita tisini za baiskeli, halafu kukimbia,
na mnyororo wangu una kutu,
na tairi la nyuma linavuja tangu Jumatano.

Maandazi yamekuwa matatu.
Saa mbili nafungua dirisha, nywele mbichi,
tone la ziwa linaangukia daftari.
Mtu anauliza treni itafika lini.
Nainua macho.
Namwambia ninachokijua,
na nisichokijua pia.