Karani wa Mikono

Wananiita karani wa mikono.
Naketi kati ya kitanda cha tatu na cha nne,
penseli sikioni, karatasi gotini,
naandika nani amenawa na nani amejisahau.
Daktari Shorena ametoka kitanda cha pili kwenda cha tano.
Hakunawa. Naweka alama ya mkasi.
Ananitazama kama mtoza ushuru.

Hapa Kutaisi Januari ina meno.
Mto Rioni unapita nyuma ya hospitali, rangi ya majivu,
na madirisha tumeyaziba kwa utepe
baridi isiwafikie hawa wadogo
ambao vifua vyao hupandishwa na mashine.

Alianza Nutsa, miezi saba.
Akafuata pacha mmoja wa akina Kvirkvelia.
Kisha Vazha wa Chiatura, miaka minne,
aliyeletwa na mguu uliovunjika na mapafu mazima;
sasa mguu unapona, mapafu yanawaka.
Maabara ikaleta karatasi: kijidudu kile kile,
na mbele ya kila dawa neno moja,
sugu, sugu, sugu,
kama mtu apitaye usiku akifunga milango kwa komeo.
Chini kabisa, kolistini: labda.
"Itamuumiza figo," alisema Shorena,
"lakini maiti hana haja na figo."
Tukaitundika ile labda kwenye chupa,
tukaitazama ikishuka tone kwa tone.

Bibi yake, Tsiala, alikuja na picha ya Mtakatifu Nino.
Nikamwambia, mama, humu hata watakatifu huoshwa.
Nikaipangusa kwa spiriti, uso, kisha msalaba wa mzabibu,
dhahabu kidogo ikabaki kwenye pamba.
Aliitazama ile pamba kwa muda mrefu.
Akavaa gauni la plastiki, glovu, barakoa,
akambusu mjukuu wake hewani.

Nilisaka. Vitasa vya milango, stetoskopu,
vitufe vya mashine, kucha za Shorena,
ndevu za kijana wa eksirei.
Safi. Safi. Na hesabu yangu ilikuwa nzuri mno:
tisini kwa mia wananawa!
Wiki hiyo akaugua mtoto wa nne.

Saa tisa usiku nikaenda kunawa mimi mwenyewe.
Maji yakapiga tundu la sinki, yakaruka;
chini ya taa niliyaona, vumbi la maji,
yakitua kwenye trei ya sindano.
Nikasimama na mikono inachuruzika.
Kisha nikazamisha kijiti cha pamba kooni mwa sinki.
Siku mbili. Jina lile lile.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga;
hawakujua habari za mabomba.
Kila alama ya vema niliyoweka, majira yote ya baridi,
nilikuwa nikimsifu mtu
kwa kwenda kumwamsha mnyama.

Fundi Gocha akakata bomba.
Ndani, utelezi mweusi, mnene kama ulimi.
"Huyu amekaa hapa kuliko mimi," akasema,
akaziba tundu kwa saruji, asitoze hata lari moja.
Sasa hatuna maji chumbani. Tuna chupa za spiriti
miguuni pa kila kitanda, na ngozi zetu zinapasuka.

Nutsa alirudi kwao mwezi Machi.
Pacha hakungoja. Mama yake alikunja blanketi mbili,
akaniachia moja, sikujua niiweke wapi.

Vazha alitolewa mpira kooni Jumanne,
sauti yake kama mlango wa ghala.
"Unaandika nini?"
Mikono.
"Na wangu?"
Sikuwa na safu ya mkono wake.
Nikageuza karatasi, nikaulaza juu yake,
nikauzungushia penseli, kidole kwa kidole,
nikiruka mahali penye utepe na sindano.
Akataka nimwonyeshe bibi yake kule nje.

Karatasi iliyogusa kitanda haitoki chumbani. Sheria ni yangu.
Nikaiinua kwenye kioo cha mlango,
na Tsiala, upande wa pili,
akaweka kiganja chake.