Namba ya Kumi na Saba

Saa kumi alfajiri, nje ya ukuta wa hospitali,
Lima imelala, isipokuwa upande huu mmoja.
Mvua huku hainyeshi. Ukungu ndio unaochuruzika,
unalowesha blanketi polepole, bila kelele.
Foleni imekata kona, imepita duka la majeneza
(ambalo, sijui kwa nini, halifungwi usiku)
imeishia kwa mama auzaye maji ya shayiri ya moto.

Mgonjwa haulizwi uji.
Hapa huulizwa kitambulisho, kadi ya bima, nakala mbili.
Anayeuliza ni mimi, karani wa dirisha la tatu,
na kibunda changu cha tiketi thelathini.
Thelathini. Sikuzipunguza mimi.
Waliozipanga huamka saa mbili.

Wa kumi na saba leo, kama jana, kama juzi,
ni Nilda Ccori, kofia ya sufi, kigoda cha plastiki.
Nilda haumwi. Nilda anauza nafasi.
Hufika saa nne usiku, humkalia zamu mtu asiyemjua,
na kukipambazuka humpisha mzee wa nyonga, mama wa mapacha,
kwa soli kumi na tano; Jumatatu, ishirini.
Mlinzi anajua. Mimi najua.
Tumekula mkate wake, tutamfukuza kwa mdomo upi?

"Mgonjwa hawezi kusimama usiku kucha, karani," husema.
"Akiweza, basi si mgonjwa."
Miaka miwili naitafuta kasoro ya maneno hayo.

Julai akaanza kukohoa.
Kwanza kikohozi cha haya, ndani ya kiganja.
Kisha kile kingine, ambacho sisi wa dirishani
tunakijua hata tukiwa tumeinamia karatasi:
kirefu, kinachochimba.
"Nilda, leo usiuze. Ingia."
Akahesabu kwa vidole: pipa la maji, deni la gesi,
madaftari ya mtoto. Akageuka nyuma.
Kijana mmoja alikuwa amembeba babake mgongoni,
viatu vya mzee vinaburura lami.
Akauza.

Kesho yake, akauza.

Keshokutwa nikafanya nisichoruhusiwa:
nikachana ukurasa wa daftari langu mwenyewe,
nikaandika kwa kalamu nyekundu, 31.
Akaigeuza nyuma na mbele
kama aliyerudishiwa chenji ya noti bandia.
"Hii inauzwa bei gani?"
"Haiuzwi. Haipo."
Daktari Ugarte aliitazama ile karatasi,
akanitazama mimi kupitia mlango ulio wazi,
akavaa miwani. Hakuuliza.

Kifua kikuu. Pafu la kushoto, juu.

Sasa kila asubuhi muuguzi Edilberto
hupanda ngazi za manjano mia mbili na kumi na nne
hadi kibanda cha mbao kilichong'ang'ania mlima,
asimame mlangoni, amwone akimeza.
Vidonge vinne, maji ya pipa.
"Fungua mdomo. Inua ulimi."
Miezi sita, Jumapili tu ndiyo mapumziko.
Kati yao wawili, ahemaye zaidi ni muuguzi.
Nilda humcheka, kisha humsogezea
kigoda kilekile cha plastiki.

Na ukutani? Pengo la kumi na saba halikumaliza siku mbili.
Analikalia kijana mwenye redio, hutoza ishirini na tano,
wala hapunguzi kwa wenye watoto.
Dirisha ni lilelile. Tiketi ni zilezile.
Ila droo yangu ya chini, chini ya mihuri,
ina kalamu nyekundu iliyoanza kufifia,
na mkono huu, Mungu anisamehe au asinisamehe,
umekwisha jifunza kuhesabu hadi thelathini na tatu.