Hesabu ya Wati

Lwitiko kaja saa nne, jua la Tandika limeshika mabati,
pikipiki anaikokota kama ng'ombe aliyegoma.
"Fundi, kila nikipiga honi inazima."
Nikang'oa siti. Mama yangu!
Nyaya kama tambi za jana zilizoganda sufuriani,
nyekundu imeungwa kwenye kijani,
kijani imefungwa kwa kamba ya kiatu,
solotepu imeyeyuka, inanuka deni.

Nani kakufungia?
"Mshikaji mmoja, Mbagala."
Kila waya ulioungua mji huu
una mshikaji wake Mbagala.

Kaa kwenye tairi hilo nikuhesabie.
Injini yako inalipwa mshahara mdogo.
Plagi inakula kwanza, maana bila yeye hakuna safari;
taa kubwa inachukua chake, breki chake, indiketa chake,
kinachobaki ni nauli ya kurudia nyumbani.
Na wewe umeleta wageni:
spoti mbili za kuchoma watu macho,
redio, spika pana kama ungo,
honi iliyong'olewa kwenye lori,
mkanda wa taa za bluu chini ya tangi
kana kwamba pikipiki inaolewa Jumamosi.
Wote wameingia kwenye betri moja kwa moja,
hawakubisha hodi.
Wewe umelala, redio inakesha inanyonya.
Alfajiri unabonyeza stata, inakohoa tu.

Huyu hapa ni fyuzi.
Kitu cha mia tano
kilichokubali kufa kabla yako.
Huyu rilei, kuli wangu:
swichi inanong'ona, yeye ndiye anayebeba.
Na ethi usiifunge juu ya rangi,
kwangua mpaka chuma kicheke.
Umeme ukijua kwenda na usijue kurudi
utatafuta pa kulala, na utalala kwenye paja lako.

Sasa chagua. Nani atoke?

Nilijua atapigania redio.
Vijana huniambia, toa breki, fundi, redio niachie.
Akasema: toa.
Spika? Toa. Bluu? Toa.
Spoti aliziangalia kidogo,
akameza mate. Toa moja.

Kisha akaingiza mkono mfuko wa koti,
akafunua karatasi ya risiti:
balbu moja, wati mbili, ndogo kama punje ya hindi.
"Hii ndiyo iliyonileta.
Ifunge hapa, chini ya kioo cha kushoto,
imulike mkono wangu, isimulike barabara."

Mkono? Wa nini?

"Nina abiria wangu wa kila siku, Mwanahawa,
anashona sare Chang'ombe, anatoka saa tatu usiku.
Hasikii.
Mchana tunaongea kwa vidole mpaka tunafika.
Usiku tukisimama taa za Uhasibu
namuuliza jambo, ananigonga bega mara mbili.
Maana yake: giza."

Sikusema kitu. Nilichuna waya kwa meno,
kitu ninachowakataza wanafunzi wangu.
Nikampa yule mdogo fyuzi yake peke yake,
swichi yake chini ya kidole gumba,
njia yake kupitia funguo, asije akakesha.
Nikakwangua ethi mara mbili.
Tulipojaribu, nilikunja kiganja kivulini, nikakunjua:
mistari yote ilionekana, na grisi ya miaka.

Alipungukiwa elfu mbili. Bado anadaiwa.
Mkanda wa bluu ninao msumarini, hauna mwenyewe.

Wiki iliyofuata nilikuwa foleni ile ile, usiku,
nyuma ya bajaji iliyojaa ndoo.
Taa nyekundu. Mbele, mwanga mdogo wa njano
na mkono ndani yake unasimulia, unapinda, unakata,
kisa kirefu, chenye watu wengi.
Mwanamke nyuma yake anacheka kwa mabega.
Ikaja kijani.
Hawakuondoka.
Honi zikalipuka, bajaji, malori, matusi ya mama,
Mwanahawa hakusikia,
na Lwitiko, mwenye masikio mawili mazima,
naye hakusikia
mpaka kisa kikaisha.