Saa Mbili, Wete

Zimeletwa asubuhi moja, hazijuani.
Ya kwanza imefungwa leso yenye harufu ya karafuu:
dhahabu, nyembamba kama senti ya zamani,
uso mweupe, hata tarehe hauna,
akrabu mbili tu, kama nyusi za mtu asiyependa maneno.
Ya pili imeingia mkononi mwa mwenyewe,
nene, chuma kitupu, ukanda wa mpira,
pete ya buluu ya kuhesabia pumzi za mzamiaji
(lakini imegoma, haizunguki)
na maandishi mgongoni yanayoapa
kwamba mita mia tatu chini ya bahari haitishiki.

"Ile ya wazee," kasema Mundhir, karudi juzi kutoka Maskati.
"Ya kanzu na kiti cha mbele.
Hii yangu ya kazi."
Nikamwambia akae. Nikatia lenzi jichoni.

Mimi Zuwena, fundi wa Utaani.
Baba alinifunza: mbele husoma mwenye pesa,
fundi husoma mgongoni.

Nikaifungua ya chuma.
Ndani kukavu, safi kama chumba cha wageni
kisichopata mgeni.
Kwenye mikunjo ya mpira, marashi yaliyoganda,
majivu ya udi, punje ya pilau.
Harusi saba, nakisia. Bahari, hata siku moja.
Na pete ile, kilichoishika
ni halua.

Ya dhahabu ilinitoa jasho.
Mfuniko umeng'ang'ana kama mlango wakati wa masika.
Nilipoubandua: chumvi.
Chumvi juu ya kamani, chumvi kwenye meno ya magurudumu,
kutu imevizunguka vito vyekundu,
na ngozi ya ukanda imekauka, imejikunja
kama kijiti cha mdalasini.
Saa ya kiti cha mbele!

Nikampigia Bwana Rubea. Simu yangu mbovu, hupaza sauti.
Akasita, akakohoa.
"Mjukuu aliteleza gatini Mkoani.
Ulitaka nivue kwanza?"

Mundhir akasikia.
Akawa anajifikicha kifundo cha mkono, pale palipobaki weupe.

Nisiidhulumu ya chuma.
Moyo wake mzuri, unapiga sawasawa,
ingezama na ingeibuka.
Haijaitwa tu.

Zote zimeundwa nchi ya theluji,
na watu wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane.
Ya dhahabu imesimama kwenye nne na robo;
sisi twasoma kumi na robo, alasiri ile ya gatini.
Ya chuma inaonyesha nane, inatembea.

Kaingia mtoto na saa ya ukutani ya chuo,
anataka betri.
"Bi Zuwena, saa ngapi?"
"Saa mbili."
Akaitazama meza yangu, akazihesabu.
"Naziona. Nauliza, saa ngapi?"